Mnato wa koti la Dunia na maji ya Kilindini

Maji ya bamvua yakishakupwa chini ya barabara ya Mama Ngina, Mombasa, mwamba unaonekana umeliwa kwa chini, na ndani yake matumbawe ya kale yamekwama. Yaliota baharini zaidi ya miaka 100,000 iliyopita. Leo tunatembea juu yake. Nchi imeinuka, au bahari imeshuka?

Kwenye Ghuba ya Bothnia, kati ya Uswidi na Ufini, hilo halina ubishi. Barafu yenye unene wa kilomita 3 hivi iliikandamiza nchi, ikayeyuka, na baada ya miaka kama 10,000 nchi bado inapanda karibu sentimita 1 kila mwaka. Chini ya ganda kuna koti la Dunia, mwamba wa moto unaotiririka polepole mno. Chota halua ingali moto sufuriani uone shimo linavyojifukia taratibu. Ikipoa, huchukua muda zaidi. Ugumu huo wa kutiririka ndio mnato.

Ubishi ni mnato huo ni kiasi gani. Mwaka 1935 mwanajiofizikia Norman Haskell aliukadiria kwa kuinuka kwa Skandinavia. Tangu hapo, mwenzake wa fani hiyo Richard Peltier ameshikilia kwamba koti la chini limelizidi la juu kwa mnato mara kadhaa tu. Kurt Lambeck, naye wa fani hiyo, anasema mara kumi na zaidi. Wote wana ushahidi, kwa kuwa ufuo mmoja wa kale waweza kuelezwa kwa koti zito, yaani lenye mnato mwingi, au kwa barafu iliyochelewa kuyeyuka. Mimi naona tatizo ni kuipa Dunia nzima kipimo kimoja.

Mtu wa Likoni atasema hayatuhusu. Ana hoja: hapa athari ya koti hilo haifiki hata milimita 1 kwa mwaka, na bahari duniani inapanda zaidi ya milimita 3. Lakini setilaiti za GRACE, zilizorushwa 2002, zilipima barafu ya Antaktika kwa mvuto wake, na mwamba unaorudi chini ya barafu huongeza mvuto pia. Usipoutoa, barafu iliyopotea itaonekana ndogo. Kwenye Bahari ya Amundsen, vipokezi vya GPS vilivyofungwa mwambani vilionyesha nchi ikipanda milimita 41 kwa mwaka. Koti la pale ni jepesi kupita lilivyodhaniwa. Ikabainika kwamba hasara ya barafu ya eneo hilo ilikuwa imehesabiwa pungufu kwa karibu asilimia 10. Maji hayo yalikwisha kuingia baharini.