Wapeni watoto wa ngoma miyaa, si karatasi za kupaka rangi

Jumamosi nilikwenda kumchukua binti wa dada yangu kwenye darasa la ngoma la likizo, hapa hapa Bagamoyo. Nilimkuta barazani ameinamia karatasi ya fotokopi yenye picha ya msichana wa baleti aliyesimama kwa ncha za vidole, naye anampaka sketi rangi ya waridi. Wenzake wote walikuwa na karatasi hiyo hiyo. Nikaambiwa ndicho kipindi cha kazi za mikono. Muda mfupi kabla ya hapo watoto hao hao walikuwa wanacheza ngoma ya msewe, na walichofunga miguuni ni njuga za plastiki za dukani, ambazo sisi wazazi tumezilipia ndani ya ada.

Nimekereka, na nimekaa na kero hiyo mpaka leo.

Baleti sina ugomvi nayo. Ninachokikataa ni kazi ya mikono isiyomrudisha mtoto uwanjani. Karatasi ile ikishapakwa rangi imekwisha. Mtoto anayejifunza ngoma atengeneze kitu atakachokivaa, atakachokitikisa au atakachokipiga. Na kama ni baleti tunayotaka kuiga, basi tuige na hili: mchezaji wa baleti hushona kwa mkono wake utepe na lastiki za viatu vya kusimamia vidole, akavikunjakunja nyayo mpaka vimkae, kwa sababu mguu ni wake na utepe ukiachia anayeanguka ni yeye.

Sasa tuje kwenye msewe, kwa sababu hapo ndipo roho inaponiuma. Msewe wenyewe ni vifurushi vidogo vya kusuka kwa miyaa, yale majani makavu ya kusukia mikeka, ndani mna mbegu kavu, vikatungwa kwenye kamba safu kwa safu na kufungwa mguuni. Ngoma nzima, iliyotoka kwa ndugu zetu wa Pemba, inabebwa na sauti hiyo. Mtoto aliyesuka kifurushi kimoja tu ameshajifunza mambo ambayo mwalimu angemkaripia wiki nzima bila kumwingia. Akijaza mbegu mpaka juu, kifurushi kinakuwa bubu. Akiweka chache mno, kinalia kama kinanong'ona. Akisuka kwa kulegeza, mbegu zinamwagika. Halafu anajifunga mguuni, anakanyaga, anasikia mbegu zinalia mara mbili, unyayo ukigusa chini na ukiinuka. Kuanzia hapo anaanza kukanyaga kwa kusikiliza. Ile plastiki inalia vile vile ukanyage vizuri au vibaya, na ndiyo maana watoto wale walikuwa wanarukaruka bila mpango huku mwalimu akipiga makofi kuwatafutia mapigo.

Dunda, hapa hapa mjini, kuna bibi jirani yangu ambaye mkeka haumtoki mkononi. Nilimpelekea huyo binti jioni ile ile. "Shikamoo, bibi." "Marahaba, mjukuu wangu, kaa hapa, nipe vidole vyako." Akamkatia miyaa, akamwonyesha kuanza, akamfumulia mara kadhaa. "Kaza, mama, kaza. Ukiibembeleza itakutoroka." Kufikia magharibi mtoto alikuwa na vifurushi vinne, viwili vimepinda, na alikataa kuondoka kabla hajavifunga mguuni na kutuchezea. Alicheza uani pale, na kwa mara ya kwanza nilimwona akitazama miguu yake mwenyewe.

Mji huu una watu wa kuwafundisha. Chuo cha Sanaa kilifunguliwa hapa mwaka 1981, leo ndiyo TaSUBa, Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, na mafundi wa kuwamba ngoma hatuwatafuti mbali. Sisemi mtoto wa miaka minane apewe tezo achonge gogo. Mpe kopo la maziwa na kipande cha ngozi ya mbuzi kilicholowekwa, avute, afunge kwa kamba, aanike juani. Siku ya pili hewa ya bahari itailegeza ngozi na sauti itazama. Hapo ndipo ataelewa kwa nini wapigaji wanawasha moto wa makuti na kuziinamisha ngoma mbele yake kabla ya kuanza, jambo ambalo watoto wengi wanadhani ni sehemu ya maonyesho.

Vizibo vya soda vinajulikana: vipondwe, vitobolewe kwa msumari, vitungwe kwenye waya, vitikiswe. Kibwebwe kila mtoto ajifunze kujifunga mwenyewe, na kama ana kipande cha kanga kuukuu apinde ncha zake kwa sindano. Nyuso za bandia zitengenezwe kwa magazeti na uji wa ngano, na kila mtoto abuni uso wake. Mapiko, vile vinyago vya usoni vya Wamakonde, tusiyachezee, yana wenyewe na yana heshima yake ya jandoni.

Najua nitakachojibiwa. Darasa lina watoto wengi, mwalimu ni mmoja, na msumari unachoma. Ni kweli, na fotokopi ni rahisi kuliko kumtafuta bibi wa miyaa. Vizibo mtu mzima avitoboe nyumbani kabla, hilo nakubali. Ila urahisi wa mwalimu hauwezi kuwa ndiyo mtaala wa mtoto, tena kwa ada tunayolipa.

Likizo ya Desemba inakuja. Walimu, futeni njuga za plastiki kwenye orodha ya michango, na mahali pake andikeni: kila mtoto aje na fungu la miyaa iliyokaushwa, kopo tupu na kipande cha kanga. Bibi wa Dunda nimeshamuuliza. Amesema atakuja, mradi vipindi viwe asubuhi kabla jua halijawa kali, na watoto wasizidi kumi kwa mara moja.