Mpira wa Mkojo, Sabuni na Daktari Lapides

Nikiulizwa ni andiko gani la daktari wa mfumo wa mkojo lililookoa figo nyingi za maskini, sitataja upasuaji wa roboti. Nitataja makala fupi ya mwaka 1972 ya Jack Lapides na wenzake wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, iliyochapishwa katika Journal of Urology, kuhusu mgonjwa kujitoa mkojo mwenyewe kwa katheta, yaani mpira mwembamba unaoingizwa hadi kwenye kibofu.

Kabla yake, daktari Ludwig Guttmann alikuwa amekwisha kuonyesha kule hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza, kwamba majeruhi wa uti wa mgongo anaweza kutolewa mkojo kwa mpira mara kadhaa kwa siku badala ya kuachiwa mpira huo ndani muda wote. Lakini yeye alishikilia kila kitu kiwe kimetakaswa: glovu, vifaa, mikono ya mtaalamu. Kwa hiyo ukitoka wodini, huduma imekwisha.

Lapides alileta hoja iliyowashtua wengi. Kibofu kikijaa kupita kiasi, kuta zake hutanuka, damu haipiti vizuri, na hapo ndipo bakteria hupata mwanya. Kwake yeye, kukimimina kwa wakati kulikuwa na uzito kuliko kuua kila kijidudu kilicho kwenye mpira. Basi mgonjwa anawe, aingize mpira safi mwenyewe, mkojo ukiisha autoe na kuuosha. Mtu aliyefundishwa kuogopa hata vumbi la chumba cha upasuaji angelipokeaje hilo?

Mimi naona ukubwa wa kazi ile uko hapo, kwamba kazi ya daktari ilihamia kwa mgonjwa, na kwa mama. Mtazame mama aliyeelekezwa vizuri, mwenye mtoto wa mgongo wazi, yaani aliyezaliwa uti wa mgongo haujafunga, neva za kibofu zikawa hazifanyi kazi sawasawa. Sabuni, maji, mtoto chali kwenye khanga, kilainishi kidogo nchani, kopo pembeni. Anasubiri hadi tone la mwisho, anabonyeza kidogo juu ya kinena, anautoa taratibu. Baada ya muda wa saa 4 hivi anarudia. Bila hivyo mkojo unaweza kupanda kinyume hadi kwenye figo, ukaziharibu polepole huku mtoto halalamiki maumivu, wazazi wakidhani shida ni kulowesha nguo tu.

Kinachonikera ni jinsi jambo hili linavyochelewa kuwafikia wanaolihitaji. Huko Marekani, tangu 2008 bima ya Medicare inaweza kulipia hadi katheta 200 kwa mwezi, kila moja ya kutumiwa mara moja. Siwaonei wivu (sawa, kidogo), na ubishi wa kama mpira wa kuoshwa unaleta maambukizi zaidi haujaisha. Lakini huku kwetu ubishi huo usigeuke kisingizio cha kumwachia mtoto kibofu kilichojaa eti kwa sababu mipira mipya haitoshi.

Mzazi afundishwe kabla mtoto hajaruhusiwa kutoka hospitali baada ya upasuaji wa mgongo, tena kwa vitendo, na muuguzi asiye na haraka. Shule nazo zitenge choo chenye mlango unaofungwa, maji na sabuni. Na mwalimu akiambiwa kwamba huyu lazima atoke darasani saa nne asubuhi, amruhusu bila kumhoji mbele ya wenzake.