Gari la posa: upande wa dereva

Haya, tangu jana usiku simu yangu haipumui. Kumbe Bwana Posa, muoaji wetu, ameshawahadithia kwenye kundi. Eti gari lilisukumwa kutoka Kimara mpaka Ubungo, eti nililia mbele za watu. Kwanza yeye mwenyewe hakuwepo. Siku ya kupeleka barua muoaji anabaki nyumbani anatokwa jasho. Kaambiwa na baba yake mdogo, na baba mdogo mnamjua, chumvi kwake haina kipimo. Lilisukumwa hatua kama kumi. Na lile lilikuwa jasho.

Basi. Tumefika ukweni saa tisa alasiri. Nimebeba mshenga, shangazi na baba mdogo, redio inaunguruma. Ile nasimama tu mbele ya geti, timu yangu ikapata penalti. Wewe ungefanyaje? Nikakanyaga breki, nikavuta hendibreki, nikarudisha ufunguo hatua moja ili injini izime redio ibaki. Wazee wakashuka na barua yao, mimi nikabaki na penalti yangu. Wakakosa. Ningekuwa na akili ningeondoka palepale kwa miguu.

Mazungumzo ndani yakachukua saa mbili na nusu. Mimi nje nimelaza kiti, naletewa sambusa na juisi ya ukwaju, dereva wa heshima. Mara geti likafunguka, ukoo mzima unawasindikiza wazee wangu, barua imepokelewa vizuri. Wakapanda. Mama wa binti akapiga kigelegele, wenzake wakadakia, watoto wakapunga mikono. Nikapiga stata.

Kimya.

Si kwamba ilikohoa ikashindwa. Kimya kabisa, hata "tk" hakuna. Nikarudia. Kimya. Vigelegele vikafifia kimoja kimoja, lakini watoto bado wamenyanyua mikono, hawajui waishushe au waendelee.

Sasa nyie mnanijua mimi na magari. Kwenye kundi letu mtu akisema gari lake linatetema, nani anajibu wa kwanza? Nikashuka, nikafungua boneti. "Betri hiyo, redio imeimaliza." Mjomba wa binti akamwita jirani na pikapu yake, zikaja waya za kuboosti. Kimya. Nikawasha taa: kali. Nikapiga honi, mbwa wa mtaa wa pili wakaitikia. "Basi betri nzima," nikatangaza, "ni stata." Nikataka kuchomoa ufunguo, hautoki. "Na swichi ya ufunguo nayo imekufa." Magonjwa mawili kwa mgonjwa mmoja, yote nimeyagundua mimi. Sitawaficha, nilijisikia vizuri kidogo.

Vijana wakasema tulisukume lishtuke. Hapo ndipo nilipojimaliza. Nikasimama mbele ya wakwe, mkono juu ya boneti, nikatoa somo: gari la otomatiki haliwashwi kwa kusukumwa, kwa sababu pampu ya oili ndani ya gia boksi inazungushwa na injini, na injini ikilala matairi hayana namna ya kuiamsha. Mzee mmoja akaitikia, "Huyu kijana kasoma." Nikasema tulisogeze tu tuachie geti. Nikaachia hendibreki, wakasukuma, likateleza laini kama mkokoteni wa maji.

Wenye magari ya otomatiki mmeshashtuka hapo. Tulieni, msiwaharibie wenzenu.

Fundi akaja na bodaboda, kijana mdogo, kandambili, kifuko cha spana begani. Nikampa ripoti yote: stata, swichi ya ufunguo, na nadhani pia kuna fyuzi. Akanisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu. Kisha hakwenda kwenye boneti. Akafungua mlango wa dereva, akaingiza kichwa, akatulia.

Nilikuwa nyuma yake. Nikaona shingo yake inageuka taratibu, kutoka kwenye ufunguo, ikashuka, ikasimama. Akafuta vidole kwa kitambaa, kimoja kimoja, kama mtu anayetafuta maneno. Akamtazama shangazi aliyekaa siti ya mbele na mkoba wake mapajani. Akanitazama mimi.

"Kaka, hili gari alilipaki nani?"

Nikajibu kwa sauti, ili wakwe wasikie: "Mimi."

Akaketi. Akakanyaga breki. Akashika gia, na jamani ile sauti naisikia hadi sasa. Ta. Ta. Ta. Kutoka D, gia ya kwenda mbele, ikapita N, ikapita R, ikaingia P, ya kupaki. Pale kwenye dashibodi D ilikuwa imewaka kijani muda wote ule, mbele ya pua yangu. Gari likiwa kwenye D stata haikubali, lisije likaruka na mtu. Ufunguo hautoki kwa sababu ya D hiyohiyo. Na lilisukumika laini kwa sababu ya D hiyohiyo, P ingefunga matairi! Haya yote nayajua. Mwezi uliopita nilimfundisha mtu kwenye kundi, nendeni mkatafute.

Akazungusha ufunguo. Likawaka mara moja, zuri, halina hata homa.

Hakuna aliyesema kitu. Yule mzee wa "kasoma" akakohoa. Halafu mama wa binti, Mungu amweke, nadhani alitaka kunisitiri, akapiga kigelegele kipya. Wote wakadakia. Na watoto wakapunga upya.

Nikampa fundi elfu kumi, hakutaka, nikamlazimisha. Njiani hakuna aliyeongea mpaka Ubungo, ndipo mshenga akauliza, taratibu kabisa, hiyo D kirefu chake nini.

Leo asubuhi wakwe wamejibu, wamekubali. Siku ya kupeleka mahari gari ni hilihili langu, ila dereva wamempata mwingine. Mimi nimepangiwa kubeba kreti za soda.