Vyungu Vibichi

Chungu cha Wakisi, wafinyanzi wa Ziwa Nyasa, kikishachomwa ni mzigo usio na matata. Unakilaza mdomo chini juu ya nyasi kavu, vikubwa vinakaa katikati juu ya mkuku, vidogo pembeni, tezini, yaani nyuma, unaacha nafasi ya kuchotea maji ya ngama, yale yanayokusanyika chini ya chombo. Wimbi likirusha maji, yanateleza kwenye matako ya vyungu na kushuka zake. Akina mama wa kijiji cha Ikombe huvipakia hivyo kwenda mnadani Lyulilo, jirani na Matema, Jumamosi, tena kwa mtumbwi wa gogo, bila injini wala kelele.

Abiria wa boti yangu hakutaka vilivyochomwa.

Alikuwa mchoraji kutoka Iringa, Mhehe wa mjini, mtu wa "kamwene" kwa kila anayekutana naye hata kama hajaitikiwa. Maji aliyoyazoea ni ya Ruaha Mdogo, nayo aliyatazama akiwa ukingoni. Mpango wake wa kwanza ulikuwa kupaka vyungu rangi ya mafuta, ile aliyotumia Edward Tingatinga kwenye vibao, halafu ndipo vichomwe. Bibi mfinyanzi akamsikiliza mpaka mwisho, akamwambia, "Mjukuu wangu, moto utaila rangi yako yote, utabaki na chungu na deni." Akabadili: sasa atachora kwa kuchonga, na kwa kuchonga anataka vibichi, vikavu, ambavyo havijaona moto. Atavichoma mwenyewe Matema.

"Vibichi havipandi mtumbwini," Bibi akasema.

"Sipandi mtumbwi, Bibi. Napanda boti."

Hapo kila mtu akanitazama mimi. Vyungu vikawa ishirini na nne, na fedha alishalipa.

Kwa wasiojua udongo: chungu kikavu kisichochomwa kinaogopa maji kuliko kile ambacho bado kina unyevu. Kikiwa kikavu, maji yanaingia kwa pupa kwenye vitundu vyake, hewa iliyomo inakosa pa kutokea, ukuta unapasuka na kumomonyoka vipande vipande. Dakika chache tu, unabaki na uji. Udongo hauachi tabia hiyo mpaka moto uupitishe nyuzi 600 hivi za sentigredi. Kwa hiyo tulivifunga kwa turubai, tukaukaza kwa kamba, na nikamwambia mchoraji akae katikati, asiinuke, jaketi la kuokolea limefungwa mpaka juu.

Mwezi Julai upepo wa mwera unavuma kutoka kusini, na ziwa lina urefu wa zaidi ya kilomita 500, kwa hiyo mawimbi yanapofika huku kaskazini yameshakomaa. Asubuhi huwa na nafuu. Ukitoka Ikombe kwenda Matema, mwera unakusukuma kwa nyuma, na dawa yake ni moja: injini isipungue. Ikizimika, boti inageuka ubavu, na ubavu ndio wimbi linautafuta.

Injini yangu ni ya farasi 15, ya kuchanganya, lita 20 za petroli kwa mililita 400 za oili. Tukiwa chini ya yale majabali ya milima ya Livingstone yanayotumbukia ziwani bila hata ufukwe wa kusimama, ikakohoa. Ikakohoa tena. Ikanyamaza.

Nikaminya kile kidude cha mpira kwenye njia ya mafuta. Kilikuwa bapa kama chapati. Kikiwa kigumu, mafuta yamejaa. Kikiwa bapa, kimevuta kikakosa, na kizuizi kiko upande wa tangi. Kwanza nikatazama skrubu ya hewa kwenye kifuniko: iko wazi. Nikaufuata mpira wa mafuta kwa vidole, kutoka kwenye kidude, chini ya ubao, mpaka chini ya makalio ya mchoraji. Alikuwa amesogea nyuma kuushikilia ule ukingo wa turubai usipeperuke, akaukalia.

"Kaka, inuka!"

"Si ulisema nisiinuke?"

Wimbi likaingia. Moja tu, la ndoo tatu au nne. Lilipita juu ya turubai, nalo likapita chini yake.

Sauti ya vyungu vibichi vikinywa maji ni kama kupasuka kwa mapovu, laini, nyingi kwa pamoja. Mchoraji akafunua turubai wakati vya chini vimeshakaa. Vya juu vikaanza kuinama.

Kuzama hatukuzama. Injini iliwaka mara mafuta yalipopita. Shida ikawa kutoa maji. Pampu yangu ni ya kienyeji: bomba la plastiki la inchi mbili, mti wa kusukumia, na kipande cha mpira wa ndani wa tairi kikiwa ndiyo vali. Udongo ukakaa chini ya vali, vali haifungi, unasukuma na maji yanarudi yalikotoka. Halafu ukaziba vile vitundu chini ya mataruma, mbavu za boti, vinavyopitisha maji kwenda tezini, kila chumba kikawa na kisima chake. Kijana wangu akachukua sufuria. Mchoraji akateleza, akakaa, akateleza tena akiwa amekaa. Lakini haki isemwe: mshono wa kushoto uliokuwa unavuja na kunila pamba za kalafati, za kuzibia nyufa, tangu masika uliacha kuvuja siku ile ile.

Nyuma yetu maji yalikuwa mekundu kama mdomo wa mto Lufilyo wakati wa masika. Tope la namna hiyo si jambo la kuchekea sana, kwa kuwa samaki aitwaye mbasa hupanda mitoni kutaga kwenye changarawe na tope huyafunika mayai. Wavuvi wa usipa, dagaa wa ziwa hili, waliotupita hawakuwa na habari hiyo. Mmoja akauliza kama tunalima mpunga humo ndani.

Tulipofika Matema tulikomba magunia mawili. Mchoraji akasikia kwamba udongo mbichi haufi, unaweza kukaushwa na kufinyangwa upya, akafurahi, akalipia safari ya kurudi Ikombe siku ya pili yake. Bibi akachukua donge, akalisugua kati ya vidole, akalinusa, akampa jirani yake naye anuse.

"Udongo gani huu unanuka pikipiki?"

Fedha hakurudisha, udongo hakuupokea. Mchoraji akarudi nao. Stendi ya Kyela konda alimtoza mzigo, akayapiga teke magunia na kuuliza kuna nini ndani.

"Vyungu," akajibu. "Weka taratibu."