Zumari la Wakanda Mkate

Katika makumbusho ya Louvre, Paris, kuna kikundi cha vinyago vya udongo kutoka Thebes, Ugiriki ya kale, vya karibu mwaka 500 kabla ya Kristo. Wanawake wamejipanga safu, migongo imeinama, wanakanda unga wa mkate. Pamoja nao yuko mmoja anayewapigia zumari.

Je, hayo ni maisha ya kila siku? Wapo wanaakiolojia wanaotutahadharisha. Vinyago vingi vya namna hii viliwekwa makaburini au kwenye mahekalu, kwa hiyo mwanamke anayesaga anaweza kuwa riziki ya marehemu, au sadaka kwa Demeter, mungu wa kike wa nafaka. Hoja hii si nyepesi. Hebu ona chakula kilivyotawala: kusaga, kukanda, kuoka, hata kukuna jibini. Isitoshe, makaburi ya Tanagra, mji wa karibu na Thebes, yalifukuliwa ovyo kuanzia miaka ya 1870, vinyago vikapelekwa sokoni, na ushahidi wa nani alizikwa na kipi ukapotea hapo hapo.

Mimi nakwama kwenye lile zumari. Ikiwa shida ilikuwa marehemu asife njaa, mkate ungetosha. Zumari la nini? Utasema lilipigwa pia kwenye sadaka, na ni kweli. Ila kazi ya mikono mingi hutaka mapigo, kama ajuavyo yeyote aliyewahi kutwanga kwa zamu kwenye kinu kimoja: ukikosa mdundo, michi inagongana. Wagiriki wenyewe walikuwa na nyimbo za kazi. Plutarch, mwandishi wa Kigiriki, ametuhifadhia mmoja wa kusagia kutoka kisiwa cha Lesbos, unaoliambia jiwe lisage, maana hata Pittacus, mtawala wa mji wa Mytilene huko huko, anasaga. (Sidhani aliyeutunga alikuwa akimsifu.)

Halafu yupo kinyozi wa Tanagra, ambaye sasa yuko Boston, kashughulika na nywele za mteja aliyeketi. Huyu Demeter hamhusu, wala marehemu hamli.

Wanaosisitiza kaburi wanaeleza vizuri kinyago kilikoishia. Kabla ya hapo kilikuwa udongo mbichi mikononi mwa mfinyanzi, na huyo hakuota tu jinsi mgongo wa mkandaji unavyopinda. Alikuwa amewaona wakikanda, pengine nyumbani kwake, akisubiri mkate.