Nguzo ina umeme, nyumba haina: ubishi ulioachwa na Sandy

Majuma mawili baada ya kimbunga Sandy kupiga pwani ya New Jersey na New York usiku wa Oktoba 29, 2012, maelfu ya nyumba za rasi ya Rockaway mjini New York na kusini mwa Long Island zilikuwa bado gizani, ingawa waya uliopita mbele ya nyingi kati yake ulishawashwa. Shirika la umeme la huko, LIPA, lilikuwa limeweka sharti: nyumba yoyote iliyoingiwa na maji ya bahari haiunganishwi mpaka fundi mwenye leseni aikague na kuthibitisha kuwa ni salama. Wakazi walikasirika. Kwao ulikuwa urasimu wa shirika lililokwisha kushindwa kazi, maana takribani asilimia 90 ya wateja wake milioni 1.1 walikuwa wamekosa umeme, na mkuu wake alijiuzulu mwezi wa Novemba.

Hasira ile ilikuwa na sababu zake, na tutazifikia. Lakini sharti lenyewe halikueleweka, na bado halieleweki kila kimbunga kinapopiga Florida au Louisiana. Mtu anaona maji yameshuka, amefungua madirisha siku tatu, ukuta umekauka, meni swichi imekauka. Anauliza: sasa mnangoja nini?

Kinachongojewa ni chumvi. Lita moja ya maji ya bahari ina takribani gramu 35 za chumvi, na hupitisha umeme kiasi cha mara mia kuliko maji ya bomba. Maji yakikauka, chumvi haiendi popote. Sehemu kubwa yake ni ileile ya mezani, ambayo huanza kujilowesha kwa unyevu wa hewa unyevunyevu unapofika asilimia 75 hivi. Ndani yake, hata hivyo, mna pia magnesi kloridi, na hiyo huvuta maji kutoka hewani hata unyevunyevu ukiwa asilimia 33 tu. Kwa maneno mengine, breka, yaani swichi inayojikata yenyewe kukiwa na shoti, iliyokuwa kavu kabisa saa nane mchana inaweza kuwa na utando wa maji ya chumvi saa tisa usiku bila tone la mvua kuingia ndani.

Utando huo hupitisha mkondo mdogo kati ya vituo viwili vya waya. Ni mdogo mno kuiangusha breka, na hapo ndipo ubaya unapoanzia. Unaichoma plastiki palepale taratibu, plastiki inaacha mstari mweusi wa kaboni, na kaboni ikishajitandaza hupitisha umeme iwe kavu au mbichi. Mstari unarefuka kila usiku wenye unyevu. Moto unaweza kutokea siku ya kuwasha, au wiki ya tatu, watu wakiwa wamelala na wamekwisha kusahau habari za mafuriko. Ndiyo maana jibu la "mbona niliwasha na haikutokea kitu" halimshawishi fundi yeyote anayeijua kazi yake.

Breka yenyewe ina kisa kingine. Imefungwa kiwandani, haifunguliki ukaisafisha. Ndani mna springi, grisi, na kipande cha metali mbili kinachopinda kikipata joto ili kukata umeme. Chumvi na tope vikiganda hapo, ukiisukuma juu itawaka vizuri tu, na taa zitawaka, na mwenye nyumba atasema nzima. Lakini breka hainunuliwi kwa ajili ya kuwasha. Inanunuliwa kwa ajili ya siku ya shoti, na siku hiyo iliyoganda haitaanguka. Mwongozo wa NEMA, chama cha watengenezaji wa vifaa vya umeme Marekani, hauna mjadala hapa: breka, fyuzi na soketi za kinga (zile zinazokata umeme zenyewe ukivuja) zilizozama hutupwa. Hazioshwi, hazipulizwi dawa. Mota kubwa au swichi kubwa za viwandani ndizo zinazoweza kurudishwa kwa mtaalamu akazirekebisha.

Nyaya nazo zina hila. Waya wa kawaida wa nyumba za Marekani, ule wa nyaya mbili au tatu ndani ya ganda moja la plastiki, una karatasi iliyozungushiwa waya wa ethi. Karatasi hunyonya maji kama utambi na kuyapandisha juu ya alama ya mafuriko iliyobaki ukutani. Anayekata ukuta usawa wa alama na kubadilisha waya mpaka hapo tu, amebakiza chumvi juu yake.

Ushahidi wa haya yote uko Breezy Point, ncha ya magharibi ya rasi hiyohiyo. Usiku wa Sandy nyumba 126 ziliteketea pale, na wachunguzi wa zimamoto wa New York walisema chanzo ni maji ya bahari kugusana na nyaya za nyumba moja. Moja. Nyumba zilikuwa za mbao, zimebanana, upepo mkali, na magari ya zimamoto yalizuiwa na mafuriko. Baadaye baadhi ya waathirika waliishtaki LIPA, wakidai ilipaswa kuuzima umeme wa rasi kabla maji hayajafika. Kwa hiyo ndani ya mji mmoja shirika lililaumiwa kwa kuuacha umeme na pia kwa kuukatalia. Lawama hizo mbili hazipingani, lakini anayeikubali ya kwanza hana budi kuifikiria upya ya pili. Wapo waliopendekeza kila mwenye nyumba aandike saini kwamba anaibeba hatari mwenyewe. Saini ya mtu mmoja haiwezi kubeba nyumba 125 za jirani.

Sasa upande wa pili, ambao haupaswi kudharauliwa. Giza nalo linaua. Novemba 7, siku tisa tu baada ya Sandy, dhoruba nyingine ilileta theluji juu ya watu wasio na joto ndani, kwa sababu tanuri nyingi za kupashia nyumba, hata za gesi au mafuta, haziwaki bila umeme wa kuendesha feni na pampu. Katika majengo marefu ya serikali ya mji huko Rockaway, Coney Island na Red Hook, kukosa umeme kulimaanisha kukosa lifti na kukosa maji pia, kwani mgandamizo wa bomba la New York hufika kama ghorofa ya sita; juu ya hapo ni pampu. Mzee wa ghorofa ya kumi na mbili alingoja kijana wa kumpandishia ndoo. Mwaka 2017, baada ya kimbunga Irma, wazee 12 wa nyumba moja ya kulelea wazee huko Hollywood, Florida, walikufa kwa sababu kiyoyozi kilikosa umeme, hospitali ikiwa ng'ambo ya barabara. Mwaka huohuo huko Puerto Rico, vifo vilivyohusishwa na kimbunga Maria vilifikia 2,975 kwa hesabu iliyokubaliwa na serikali ya kisiwa, na umeme kukatika kwa miezi kulichangia.

Halafu kuna jenereta. Ukimnyima mtu umeme halali, atautafuta mwingine, na hii ndiyo hoja nzito kuliko zote dhidi ya sharti la ukaguzi. Kimbunga Laura kilipopiga Louisiana mwaka 2020, moshi wa jenereta uliua watu wengi kuliko maji ya bahari yaliyopanda nchi kavu. Gesi ya kaboni monoksaidi haina harufu. Mtu anaiweka jenereta gereji kwa kuogopa wezi, au barazani chini ya dirisha kwa kuogopa mvua, na haamki. Inatakiwa ikae angalau mita 6 kutoka kwenye nyumba, moshi ukielekea mbali na madirisha. Kosa la pili ni kuichomeka kwenye soketi ya ukutani ili iwashe nyumba nzima. Umeme unatoka nyumbani kwenda nje, unafika kwenye transfoma, na transfoma haijui mbele na nyuma: volti 240 za jenereta zinakuwa 7,200 kwenye waya ambao fundi wa shirika anaushika akiamini umezimwa. Bila swichi ya chenjiova, ile inayoitenga nyumba na waya wa shirika, jenereta itumike kwa waya wake yenyewe hadi kwenye friji, basi.

Ukiziweka hoja hizi pamoja unaona kwamba wanaolalamika wana haki juu ya muda. Juu ya ukaguzi hawana. Kinachoumiza ni foleni. Ukaguzi wenyewe si mrefu: fundi anazima meni swichi, anachomoa kila kitu, anatoa balbu, anafungua paneli (sanduku la breka) kuangalia alama ya maji, kisha anapima kila laini kwa mega ya volti 500, kifaa kinachoonyesha kama umeme unavuja, waya wa moto dhidi ya nyutro na dhidi ya ethi. Kikisoma chini ya megaomu 1, laini hiyo haiwashwi. Friji, kompyuta na vifaa vyovyote vya elektroniki vikisahaulika kwenye soketi, kipimo kitadanganya na huenda kikaviua. Nyumba ya kawaida inamalizika kwa saa chache. Lakini maelfu ya nyumba yakingoja mafundi wachache wenye leseni, saa hizo chache zinageuka majuma, na anayelipia ni mwenye nyumba ambaye hana kazi wala bima iliyokwisha kumlipa.

Mji wa New York ulilitambua hilo mwezi Novemba, ukaanzisha mpango wa Rapid Repairs: mafundi waliolipwa na serikali walipita nyumba kwa nyumba wakibadilisha paneli, tanuri na matangi ya maji moto bila malipo, wakazifikia familia kama 20,000. Walibuni mpango huo wakati watu tayari wako gizani, na hilo ndilo la kuwalaumu. Orodha ya mafundi, breka za akiba na mkataba wa malipo ni mambo ya mwezi wa Juni, msimu wa vimbunga unapoanza.

Njia nyingine iliyotumiwa kidogo mno ni kuwasha nusu. Ikiwa maji yaliishia futi tatu chini ya dari ya chumba cha chini na paneli ilikuwa humo, laini za ghorofa ya juu mara nyingi ni nzima. Paneli ndogo ya muda ikifungwa juu, na laini zilizopimwa zikahamishiwa hapo, familia inapata taa na friji siku hiyohiyo, huku za chini zikibaki zimekatwa kabisa mpaka zibadilishwe.

Kwetu Dar, Mombasa au Mafia hatuna vyumba vya chini, na meni swichi hukaa usawa wa macho, kwa hiyo wengi hudhani hayatuhusu. Yanahusu soketi zilizo karibu na sakafu na paipu za plastiki ndani ya ukuta, ambazo maji yakiingia hukaa kwenye kona zake miezi. Mega haitajali kwamba ukuta umekauka.

Huko Rockaway waliojenga upya walitakiwa kuipandisha paneli juu ya kiwango cha mafuriko kilichopangwa. Ni kazi ya siku moja au mbili ukuta ukiwa bado wazi. Ukishapigwa plasta na rangi, bei inapanda mara kadhaa, na kila mtu anasema atafanya mwakani.