Miaka Mitatu ya Udongo: Kozi Ndefu ya Ufinyanzi Inalipa Nini?

Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950, alikuwa mwanafunzi wa sanaa huko Farnham, Uingereza, alipofunga safari ya Nigeria mwaka 1974. Alifikia kituo cha ufinyanzi cha Abuja, mji ambao sasa unaitwa Suleja, na huko akajifunza kwa akina mama wa Kigbari jinsi ya kuinua chungu kwa mkono, bila gurudumu. Kisha akarudi darasani. Alimaliza Farnham mwaka 1976, akafundisha London kwa muda, na mwaka 1979 akaingia Royal College of Art kwa miaka mingine mitatu. Leo vyungu vyake vimo katika makumbusho makubwa ya dunia, na mwaka 2020 Uingereza ilimtunuku hadhi ya Dame.

Wanaotetea kozi ndefu za ufinyanzi humtaja yeye. Wanaozipinga nao humtaja yeye yule yule: kama mkono wake ulifunzwa na akina mama wa Nigeria, ada ya chuo ilikuwa ya nini? Swali hilo si la Ulaya peke yake. Makerere imefundisha sanaa tangu mwaka 1937 na ufinyanzi umo katika masomo yake. Kenya nayo ina vyuo vinavyofundisha sanaa hii. Kila mwaka kuna kijana anayemweleza baba yake kwamba anataka kusomea udongo, na baba anauliza, kwa haki kabisa, atakula nini.

Naunga mkono kozi ndefu. Lakini sababu ninayoiona kuwa ya kweli siikuti kwenye matangazo ya vyuo, na sababu nyingi zinazotajwa huko naziona dhaifu.

Tuanze na muda wenyewe. Mtu akienda studio kwa wikiendi moja, anaondoka na kikombe. Aghalabu kikombe hicho kimeokolewa na mwalimu mara tatu: aliukamata udongo ulipokuwa unayumba kwenye gurudumu, akanyoosha ukingo, na baadaye akakichoma mwanafunzi akiwa nyumbani kwake. Mwanafunzi amefurahi, na furaha hiyo ni halali. Ila hajakutana na matokeo ya mikono yake.

Katika ufinyanzi kosa halijitokezi siku linapofanyika. Ukiacha kitako cha bakuli bila kukikandamiza vizuri, bakuli litakaa rafuni likiwa zima, kisha litapasuka linapokauka, au baadaye kabisa ndani ya tanuri. Udongo hupungua ukubwa kwa takriban sehemu moja ya kumi tangu unapofinyangwa mpaka unapotoka motoni, na kama ukuta mmoja ni mnene na mwingine mwembamba, hazitapungua kwa mwendo mmoja. Maji yakibaki ndani ya ukuta mnene na moto ukapanda haraka, yanageuka mvuke na kukilipua chombo. Ukifika nyuzi 573 za Selsiasi, chembe za kwatzi zilizomo kwenye udongo hutanuka ghafla, na wakati wa kupoa husinyaa ghafla pale pale. Anayefungua tanuri mapema kwa hamu ya kuona kazi yake huweza kusikia vyombo vikilia na kupasuka mbele yake.

Kati ya sababu na tokeo panaweza kupita wiki tatu au nne. Mwanafunzi wa wikiendi ameshaondoka. Mwanafunzi wa muhula mmoja huona mizunguko michache tu, na kila mmoja humfundisha jambo moja. Anayekaa miaka miwili au mitatu hupata kitu ambacho hakuna mwalimu anayeweza kumkabidhi kwa maneno: mazoea ya kutazama ufa na kujua ulianzia siku gani, kwa tendo gani. Hiyo ndiyo hoja yangu kuu. Kozi ndefu inalipa kwa sababu moto hufanya kazi polepole na anayejifunza anahitaji kuwapo unapotoa majibu.

Ongeza gilezi, yaani ile rangi ya kioo inayofunika sahani na vikombe. Hapa elimu ya darasani haina mbadala. Gilezi ni silika, yaani madini yaliyomo kwenye mchanga, inayofanywa kioo, alumina inayoizuia isitiririke, na kitu cha kuiyeyusha, mfano majivu ya kuni au mawe ya felspa. Zidisha kiyeyusho, gilezi itamwagika na kuganda kwenye rafu ya tanuri. Ikiwa inasinyaa zaidi ya udongo ulio chini yake, itajaa nyufa nyembamba zinazonasa mabaki ya chakula. Ikiwa na madini ya risasi na haikutengenezwa sawasawa, inaweza kumdhuru mlaji. Mtu hujifunza haya kwa kuchoma mamia ya vipande vya majaribio, kila kimoja kikiwa na namba na kila namba ikiwa imeandikwa daftarini. Pamoja na hayo kuna somo la vumbi, ambalo watu hulipuuza: vumbi la udongo mkavu lina silika, na kulivuta kwa miaka huharibu mapafu bila tiba. Studio nzuri hupigwa deki kwa maji. Haifagiliwi ikiwa kavu. Nimeona karakana ambako jambo hili halisemwi kabisa, na linaniumiza.

Sasa tugeukie upande wa pili, na nisingependa uonekane kama kivuli tu cha ule wa kwanza.

Kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa, chini ya milima ya Livingstone, kuna kijiji cha Ikombe. Wanawake wa Kikisi wa huko wanafinyanga vyungu vinavyojulikana kusini yote ya Tanzania. Vinapakiwa kwenye mitumbwi, vinapelekwa sokoni karibu na Matema, na kutoka hapo vinasafiri kwa malori kwenda Mbeya na mbali zaidi. Binti wa Ikombe huanza kwa kumtazama mama yake, kisha huchota udongo, kisha hufinyanga vidogo, na inapita miaka kabla chungu chake kikubwa hakijaaminiwa na mnunuzi. Hiyo nayo ni kozi ndefu, pengine ndefu kuliko ya chuo chochote, haina ada, na kila siku ya masomo ina soko lake.

Na elimu hiyo si ya chini. Chungu kilichochomwa kwa nyasi na kuni mahali pa wazi hupata moto wa kati ya nyuzi 600 na 900 hivi. Udongo unabaki na vitundu vingi vidogo sana. Kwa sababu ya vitundu hivyo, na chembe za mchanga zilizomo, chungu huweza kuketi juu ya mafiga, ndimi za moto zikikigusa upande mmoja, kisipasuke. Kwa sababu ya vitundu hivyo hivyo, mtungi hupoza maji: yanapenya kidogo kidogo hadi nje, yanakauka, na yanapokauka yanaondoka na joto. Sasa chukua bakuli zuri la chuo, lililochomwa kwa nyuzi 1,250 mpaka likawa kama jiwe, uliweke juu ya kuni. Litapasuka. Kila chombo kina kazi yake, na anayehitimu bila kujua hilo amesoma nusu.

Historia nayo inawaunga mkono wenye mashaka. Michael Cardew, mfinyanzi Mwingereza aliyefunzwa na Bernard Leach huko St Ives, alikwenda Achimota, katika Ghana ya leo, mwaka 1942. Alisimamia kiwanda kikubwa cha vigae na vyombo huko Alajo. Palikuwa na mitambo, palikuwa na mafunzo, palikuwa na fedha za serikali. Mwaka 1945 kilifungwa. Udongo, matanuri na mahitaji ya wanunuzi havikukutana. Alipofika Nigeria na kuanzisha kituo cha Abuja mwanzoni mwa miaka ya 1950, wanafunzi wake wa gurudumu walikuwa wanaume, ilhali katika nchi iliyowazunguka wafinyanzi hodari walikuwa wanawake. Ilibidi kungoja mpaka mwaka 1954 ndipo Ladi Kwali, aliyekuwa tayari fundi anayesifika, alipoingia kituoni.

Ladi Kwali aliendelea kujenga mitungi yake kwa mkono, na michoro ya mijusi na nyoka ikazunguka matumbo ya mitungi hiyo kama kwao. Kilichobadilika ni kwamba sasa ilipakwa gilezi na kuchomwa kwenye tanuri la moto mkali. Ilionyeshwa London, ikamletea heshima, na leo picha yake imo kwenye noti ya naira 20. Lakini mtungi uliofunikwa kwa kioo haupozi maji tena. Ulihama kutoka pembeni mwa nyumba ukaenda kwenye meza ya maonyesho. Mimi naona hapo faida na hasara kwa pamoja, na sikubaliani na wanaosimulia faida peke yake. Jina la mwanamke wa kijijini lilijulikana duniani, jambo ambalo lisingetokea kwa njia nyingine wakati ule. Bei ya jina hilo ikawa chombo kuachana na kazi iliyokizaa.

Kuna hoja ya tatu upande huo, nayo ni ya tumbo. Wahenga walisema mfinyanzi hulia gaeni. Mhitimu wa kozi ndefu hutoka akiwa amezoea gurudumu la umeme, tanuri la gesi, na gilezi za madini yaliyoagizwa nje. Akifika nyumbani hana hata kimoja. Umeme wa kuchoma tanuri moja kubwa ni gharama ambayo mauzo ya vikombe vichache hayaibebi, na kikombe cha plastiki kiko dukani kwa bei ndogo kuliko udongo wake.

Ukitaka ajira tu, mafunzo mafupi yameshinda, tena hapa hapa kwetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Kenya ilitengeneza jiko la mkaa lenye bati nje na udongo uliochomwa ndani. Mafundi wa Shauri Moyo, Nairobi, walijua bati, wafinyanzi wakaleta kiini cha udongo, na jiko hilo likapunguza matumizi ya mkaa na kuenea nchi nyingi za Afrika. Hakuna aliyehitaji miaka mitatu kujifunza kufyatua kiini kwa kalibu. Kazuri, karakana ya shanga za udongo iliyoanzishwa Karen, Nairobi, mwaka 1975 ikiwa na wafanyakazi wawili tu, wote wanawake, imekua ikaajiri mamia ya wanawake, na wengi wao walifunzwa kazini. Baba anayemuuliza mwanawe atakula nini ana ushahidi mkononi.

Hapa ndipo namrudia Odundo, kwa kuwa watu humtumia vibaya pande zote mbili. Hatumii gurudumu. Hapaki gilezi. Anainua udongo kwa mkono, anausugua kwa subira mpaka unang'aa, kama wanavyofanya akina mama katika sehemu nyingi za Afrika. Lakini anachoma kwa tanuri la gesi. Penye hewa ya kutosha chombo hutoka chekundu chenye rangi ya machungwa. Akikirudisha motoni ndani ya sanduku lililofungwa, pamoja na vitu vinavyotoa moshi, oksijeni inakosekana na chuma kilichomo kwenye udongo hugeuka, chombo kinatoka cheusi. Weusi wa moshi vijiji vinaujua tangu zamani. Chuo kilimpa uwezo wa kuuita anapoutaka, na zaidi ya hapo kilimpa miaka ambayo hakulazimika kuuza chochote ili ale. Mama wa Ikombe akipoteza mzigo mmoja motoni, hana sabuni wiki hiyo. Hawezi kujaribu umbo ambalo hajui kama litasimama. Mwanafunzi anaweza. Uhuru huo wa kuharibu ndio anasa halisi ya kozi ndefu, na natamani tuigawe zaidi, isibaki kwa wenye pesa.

Ndiyo maana ninachokilaumu kwenye vyuo vyetu hakihusu urefu wa masomo. Nalaumu mpangilio wa nani anafundisha. Fundi wa kijijini hualikwa siku moja, anafinyanga mbele ya kamera, anapewa nauli na chakula cha mchana, anarudi kwao. Darasa linabaki na mwenye shahada, kwa sababu kanuni za ajira zinataka cheti. Mtu aliyefinyanga miaka 40 anahesabiwa kama burudani ya wiki ya utamaduni. Ningependa kuona muhula mzima unaofundishwa na mfinyanzi wa aina hiyo, kwa mshahara wa mwalimu, na muhula mwingine ambao wanafunzi wanaupitisha Ikombe au kwa wafinyanzi wa Kijaluo wa Nyanza, wakichimba udongo wenyewe na kuuza wanachokichoma. Naye fundi apewe nafasi ya kutumia tanuri la chuo kwa majaribio yake mwenyewe, bila hofu ya kupoteza mzigo.

Kwa anayefikiria kulipia kozi leo, kabla mpangilio huo haujaja, ningemshauri atembelee studio na kuuliza mambo machache ya kawaida. Udongo unatoka wapi, na je, wanafunzi huuchimba na kuuchanganya wenyewe hata mara moja? Tanuri huchomwa mara ngapi kwa muhula? Nani anakaa nalo usiku, anayepima moto na kuandika saa kwa saa? Vyombo vilivyopasuka vinapelekwa wapi: vinajadiliwa mezani au vinatupwa kabla mwanafunzi hajaviona? Chuo kikijibu kwamba moto ni kazi ya fundi wa karakana, na kwamba wanafunzi hupokea vyombo vyao vikiwa tayari, mimi nisingelipa ada hiyo. Ningeitumia kupanga chumba Matema kwa miezi sita.